Viatu vya Mapokezi

Ukishuka Pasiansi kuelekea ziwani, kabla lami haijaisha, kuna jiwe kubwa lililoegemea jingine kama wazee wawili wanaosengenya, na kati yao pamebaki kivuli cha kuwatosha watu watano. Hapo ndipo Nkwabi alipotegesha ubao wake juu ya matofali, akapanga gundi, nyundo na sindano, akaanza kushona viatu. Watu wanamwita Daktari, maana kiatu kikifika kwake hasemi kimeharibika, anasema kinaumwa. Pembeni yake hukaa Mzee Masalu na jiko la mkaa na birika la kahawa. Alivuta kamba kwenye meli za Nansio mpaka magoti yakamkatalia, na ingawa hajawahi kushika usukani hata siku moja, anaitwa Nahodha. Wa tatu ni Chenge wa bodaboda, anayeitwa Breki kwa sababu pikipiki yake haina. Hawa watatu hubishana kila siku mpaka birika likauke, na wakishindwa kukubaliana huwa ndiyo wamefurahi. Alasiri ile mwisho wa ubao alikaa Evelina, mama Justa, naye hakufuata mabishano. Alifuata viatu vya binti yake. Alikuwa ametoka kuosha masufuria ya uji shuleni, mikono bado inanuka moshi, na alitaka apewe viatu aende zake.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mama Justa. Nikumiminie?

— Nitakunywa nikishapewa viatu. Fundi, vimekuwa tayari?

Daktari alikuwa amevipakata vimegeuzwa juu chini. Vyeusi, vinang'aa, vya mchuchumio, na kisigino chake chembamba unaweza kukizungushia vidole viwili vikakutana.

— Mpira nimebandika, alisema. Lakini hivi viatu, mama Justa, vinaumwa ugonjwa ule ule.

— Ugonjwa gani tena? Justa anaingia zamu ya jioni. Weka kwenye mfuko nivipeleke.

— Subiri gundi ikamate. Hebu tazama kwanza. Mguu wa kulia umelika upande wa ndani. Unaona? Wa kushoto umelika nyuma. Mtu anayetembea hivi ana nyonga mbovu.

— Mwanangu hana nyonga mbovu.

— Ndiyo nashangaa. Na yule aliyekuwa mapokezi kabla yake, yule Dorotea, naye hakuwa na nyonga mbovu. Alikuwa bonge, anatembea kama kabeba ndoo. Nikawa nabandika upande huo huo. Na aliyekuwa kabla ya Dorotea alikuwa mwembamba, mrefu, akipita hapa unadhani ni mlingoti. Naye upande huo huo.

— Sasa viatu si ni vile vile? alisema Breki. Vimeshazoea.

— Kisigino nabandika kipya, wewe! Mpira mpya unajuaje ulike wapi?

Breki akacheka, akanywa kahawa.

Viatu kweli vilikuwa vile vile, na havikuwa vya Justa. Vilikuwa mali ya hoteli, ile iliyojengwa kwenye mawe chini ya barabara, yenye sakafu ya mbao inayotokeza juu ya maji. Msichana wa mapokezi alipewa sketi nyeusi, blauzi nyeupe, kitambaa cha shingoni na jozi ile ya viatu. Akiacha kazi, anarudisha vyote. Sketi zikichakaa walikuwa wananunua nyingine. Viatu havikuwahi kununuliwa vingine. Siku Justa alipoitwa kwenye usaili, kabla hawajafungua bahasha ya vyeti vyake, walimkalisha kwenye kiti wakamwambia ajaribu. Wenzake wenye miguu mikubwa waliambiwa asante, wakaondoka. Alipomsimulia mama yake usiku ule, Evelina alicheka. Aliona ni ujinga wa watu wenye hoteli, na ujinga wa watu wenye hoteli ulikuwa umempa mwanawe kazi. Baba Justa alikwenda migodini akaoa huko. Nyumbani Kiseke kulikuwa na wadogo wawili wanaosoma na chungu kimoja.

— Mimi nawaambia, alisema Breki, yale ni mambo ya muonekano tu. Mgeni anashuka kwenye gari kutoka uwanja wa ndege, anataka akute mtu yuko juu. Mchuchumio unamnyanyua mtu. Ukimkuta dada wa mapokezi kavaa kandambili, si utadhani umefika kwa shangazi yako? Utaanza kuulizia ugali.

— Na wewe mbona umevaa kandambili na unabeba watu? aliuliza Daktari.

— Mimi abiria ananiona mgongo, kaka. Mgongo wangu uko smati.

— Viatu vya kazi mimi navijua, Nahodha akaingia. Melini tulivaa buti. Ukija na kandambili unashushwa. Lakini buti lilikuwa na maana yake, sitaha inateleza, kamba inaweza kukusaga vidole. Unavaa, unajua unavaa nini. Sasa huyu binti anasimama sehemu moja kutwa nzima. Mchuchumio unamkinga na nini?

— Haumkingi, unampendezesha.

— Akupendeze wewe? Wewe hotelini umeshaingia?

— Naishia getini, alikiri Breki. Lakini nasikia. Pale ukisimama getini unasikia ko, ko, ko. Mbao zile zinalia! Unajua tu mapokezi kuna mtu.

Evelina akageuka.

— Ndivyo meneja wao anavyosema, alisema. Mtu wa mapokezi asikike kabla hajaonekana. Ndiyo sheria yao.

Aliijua sheria hiyo vizuri kwa sababu alishaenda kuibishia. Alikuwa amempeleka Justa zahanati kwa ajili ya miguu, mganga akambonyeza nyuma ya kifundo, akasema mshipa umevutika, aache viatu virefu apumzike. Evelina akachukua maneno hayo mpaka ofisini kwa meneja. Meneja alimkaribisha vizuri, akampa soda, akasikiliza yote, halafu akasema, kwa upole kabisa, kwamba asiyeweza viatu hawezi mapokezi. Akauliza kama mama ana binti mwingine.

— Haya, asikike, alisema Nahodha. Asikike na nani?

— Na wageni.

— Mgeni si anakuja na macho yake? Ngoja niwaambie. Melini kwetu, alfajiri kabla hatujang'oa nanga, mtu mmoja alikuwa anatumwa agonge sitaha kwa kipande cha chuma. Mbele, katikati, nyuma. Kila siku ya Mungu. Nikamuuliza mkubwa wangu, mzee, tunamgongea nani? Abiria wenyewe hawajapanda. Akaniambia, gonga.

— Gonga tu?

— Gonga. Tukagonga miaka yote ile. Siku moja mgongaji aliumwa, hatukugonga. Tukaondoka.

— Kukawaje?

Nahodha alichokonoa mkaa.

— Tukagongewa, alisema. Kwa chini.

Breki alicheka peke yake, kisha akaacha. Upepo wa ziwa ulipanda kati ya mawe ukiwa na harufu ya magugu na mafuta ya boti. Evelina alijifunga upya khanga yake kiunoni. Alijua wanaume wa kijiweni. Ukiwapa kijiko wanakurudishia sufuria. Lakini alitaka gundi ikamate upesi.

— Mzee unatisha watu, alisema Daktari. Mambo ya maji mimi sijui. Mimi najua viatu. Dorotea alipoondoka, mlinzi alivikuta hivi viatu mwisho wa gati la hoteli, vimepangwa sambamba. Wakavileta kwangu nivisafishe. Nilichokiona sijawahi kukiona. Vilikuwa vimelowa ndani, nje vikavu.

— Alivilowesha kwa jasho, Breki akadakia.

— Jasho gani la kumwaga? Nilivigeuza maji yakatoka. Na nje vumbi, tena lile jeupe la juu juu, halijaguswa.

— Basi aliingia ziwani, alisema Breki. Alivua, akaingia. Pumzika kwa amani, Dorotea.

— Wewe, viatu ncha zake zilikuwa zinaangalia hoteli! Nahodha akapaza sauti. Mlinzi aliniambia mwenyewe hapa, akiwa amekaa hapo ulipokaa. Mtu anayeingia majini anavua akiwa anaangalia maji. Ncha zinabaki zimeangalia maji. Sasa ncha zikiangalia nchi kavu?

— Aligeuka akavua kinyumenyume.

— Nani anaingia ziwani kinyumenyume?

— Anayeogopa kuliona.

— Hapana, alisema Nahodha. Ncha zikiangalia nchi kavu, mwenye viatu hajaingia. Ametoka.

Daktari akashika nyundo, ta, ta, ta, akagonga kisigino cha kushoto ambacho tayari kilikuwa kimegongwa.

— Nisikilizeni mimi, alisema. Kiatu kipya kinajifunza mguu. Unakivaa kinakubana, kinauma, baadaye kinajua kidole chako gumba kiko wapi, kinakupa nafasi. Ndiyo kiatu chochote. Lakini hiki kilimaliza kujifunza zamani, kwa mguu wa mtu mmoja, ambaye mimi simjui na hoteli nadhani hawamjui. Sasa hakijifunzi tena. Kinafundisha.

— Sasa Daktari umetupeleka mbali, alisema Breki, lakini hakucheka. Basi na mimi niseme. Mama, usinichukie. Mimi namrudisha Justa nyumbani karibu kila siku. Juzi nimemshusha pale Kiseke, kwenye kona ya mashine. Amevaa malapa, viatu viko kwenye mfuko, mfuko uko kwapani. Mimi nikazima pikipiki nihesabu chenji. Namwona anatembea. Na nasikia ko, ko, ko. Kwenye vumbi, mama. Vumbi halilii.

Wote wakamtazama Evelina. Yeye alikuwa anautazama mkono wake.

Hakuwaambia. Hangewaambia watu wa kijiweni mambo ya chumbani kwake. Lakini alikuwa ameshaona. Mwanzoni alidhani ni maringo: Justa akirudi kutoka kazini, akivua malapa, alikuwa akitembea nyumbani pekupeku kwa ncha za vidole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Evelina akamwambia, acha kudeka, hapa si hotelini. Justa akasema, kudeka nini, mama? Halafu asubuhi moja alimkuta anakoroga uji wa wadogo zake. Alichuchumia pale mbele ya jiko, visigino hewani, mpaka uji ukaiva, na hakutetemeka. Mtu hawezi kuchuchumia hivyo. Evelina alijaribu mwenyewe uani, hakuna aliyemwona, akashindwa kabla hajamaliza kuvuta pumzi vizuri. Usiku alimfunua shuka kumpaka mafuta kwenye mgongo wa mguu, akakuta miguu imenyooka kama ya mtu aliyesimama, ingawa mtoto amelala. Aliibonyeza. Haikukubali. Akamkanda kwa maji ya moto na chumvi, wiki baada ya wiki, kwa sababu maji ya moto na chumvi ndiyo aliyokuwa nayo.

— Hodi hapa, alisema mtu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, beseni la dagaa kichwani, ndala moja mguuni na nyingine mkononi imekatika mkanda. Alitua beseni, akawasalimu wote kwa zamu, akampa Nahodha shikamoo yake, akakaa juu ya jiwe dogo.

— Nimetoka kwenye boti sasa hivi. Fundi, nisaidie hii ndala, nisifike sokoni mguu mmoja. Naitwa Sabina.

— Karibu dada Sabina. Umetoka kisiwani?

— Nansio.

Daktari alichukua ndala, lakini viatu vyeusi bado vilikuwa mapajani mwake, na Sabina alivitazama.

— Vizuri hivyo. Vya harusi?

— Vya kazi, alisema Breki. Vya dada wa mapokezi, hoteli ile pale. Bila hivyo hafanyi kazi. Ndiyo tunabishana hapa ni kwa nini.

— Mapokezi ni pale mtu anapofika anaandikwa jina?

— Hapo hapo.

— Na msichana anakaa nyuma ya meza?

— Si meza, ni kaunta. Ya mninga, kubwa, inafika hapa. Breki akajigusa kifuani. Ukisimama mbele unamwona kuanzia kitambaa cha shingo kwenda juu.

Sabina alifikiri.

— Sasa miguu anaiona nani?

Breki akafungua mdomo. Daktari akaacha kuvuta uzi. Nahodha alikuwa anamimina kahawa kwenye kikombe, kikombe kikajaa, kikamwagika juu ya mkaa, moshi ukapanda. Evelina aliona aibu kwamba swali hilo hakuwahi kuliuliza. Alikuwa amesimama mbele ya kaunta ile ile, ameshika soda, na hakumwona mwanawe chini ya kifua.

— Huku kwenu mnapenda taabu, alisema Sabina. Kwetu kuna msichana alifanya kazi hoteli hiyo hiyo. Alirudi na miguu mibovu.

— Nani? Nahodha aliuliza haraka.

— Dorotea. Mtoto wa jirani yangu.

— Dorotea si alikufa! Breki akasimama.

— Afe kwa nini? Jana nimemwacha anauza nyanya. Nani aliwaambia amekufa?

Kila mmoja alimtazama mwenzake kama yeye ndiye aliyeanza.

— Viatu vyake vilikutwa mwisho wa gati, alisema Daktari polepole.

— Gati gani? Alisema aliviacha stoo, akaondoka asubuhi na mtumbwi wa mjomba wake. Alivua vikiwa vikavu, alivipanga mwenyewe kwenye boksi. Hata kwao aliwaambia, nashukuru nimevirudisha.

Nahodha alijaribu kusema kitu kuhusu ncha za viatu, akakiacha.

— Anatembeaje? aliuliza Evelina.

Ilikuwa mara ya kwanza anaongea na mgeni, na sauti yake ilitoka kavu kuliko alivyotaka. Sabina akamgeukia.

— Mbona umeuliza hivyo, mama?

— Anatembeaje huyo Dorotea?

— Kwa ncha. Kama anakanyaga miba. Watoto wanamwita Korongo. Mama yake amemzungusha kwa waganga wote, wa hospitali na wa kienyeji. Unajua mtu ukitaka kumjua mwangalie ndala. Ndala zake mbele zimetoboka kabisa, unaona ardhi. Nyuma ni mpya. Hata maandishi ya kiwandani bado yapo.

Evelina alikuwa ameyaona maandishi hayo. Aliyaona asubuhi ile ile, kwenye malapa ya Justa, alipoyasogeza afagie.

— Na ameacha kazi muda gani?

— Ee, mwaka umepita.

Basi. Hapo Evelina alifika mwisho wa alichokuwa anakifikiria siku zote. Kila usiku alipokuwa anamkanda mwanawe alijiambia kwamba mambo yakizidi atamwachisha kazi, watashindia uji, watapata pengine. Alikuwa ameweka akiba hiyo moyoni, mlango wa nyuma, autumie akitaka. Kumbe kuacha kazi hakusaidii. Dorotea aliacha, akavirudisha, akavuka maji yote yale, na bado amechuchumia.

Akanyoosha mkono.

— Fundi, kata hivyo visigino.

— Nikate?

— Vikate viwe sawa na soli. Sasa hivi.

— Mama Justa, ni mali ya watu! Hoteli itakuja kunishika mimi. Viatu vimeletwa kubandikwa mpira, vinarudi vimekatwa miguu?

— Useme nimekata mimi. Lete msumeno.

— Mama Justa…

— Nkwabi.

Hakuna aliyekuwa amemwita jina lake kijiweni pale kwa muda mrefu. Daktari akatoa msumeno mdogo wa chuma chini ya ubao, akampa. Evelina alikibana kiatu cha kwanza kati ya magoti, akaanza. Alikuwa amekata kuni, mifupa, mabomba, na mwaka mmoja kitanda kizima, ili mlango ufunguke. Hakuwa na haraka. Msumeno ulilia, unga mweusi ukamwagika kwenye khanga, kisigino kikadondoka kikabiringika mpaka miguuni kwa Breki. Breki akainua miguu juu.

— Kuna nini ndani? aliuliza Nahodha.

Evelina akaangalia. Kulikuwa na plastiki nyeupe na msumari.

— Hakuna kitu.

— Hakuna kitu kabisa?

— Plastiki.

Akakata cha pili. Plastiki na msumari. Daktari akapumua, Breki akacheka kwa nguvu mpaka akakohoa, na hata Nahodha akatikisa kichwa, akasema kweli binadamu tunajitisha bure. Sabina akasema taabu zote ni za kujitakia. Viatu viwili vilikaa chini kwenye vumbi, bapa, ncha zimeinuka kidogo, vinachekesha kama vyura. Evelina alijifuta jasho. Alianza kupanga atakalomwambia meneja. Kwa mara ya kwanza alasiri ile akachukua kikombe cha kahawa.

Hakukifikisha mdomoni.

Ko, ko, ko.

Ilikuwa inatoka juu, upande wa barabara, inakuja taratibu. Wote waliisikia, maana wote waliviangalia viatu kwa pamoja, na viatu vilikuwa pale pale kwenye vumbi. Ko, ko. Pale mtu anapoacha lami na kukanyaga udongo sauti ilipaswa kukatika. Haikukatika.

Justa alitokea kwenye kona ya jiwe. Sketi nyeusi, blauzi nyeupe, nywele amezibana vizuri nyuma, malapa miguuni. Alitembea amejinyoosha, shingo juu, mrefu kuliko alivyozaliwa.

— Shikamooni. Mama, nimechelewa, mbona hukuja? Viatu viko tayari?

Halafu akaviona.

— Mama! Umefanya nini? Mama, nitamwambia nini meneja?

— Njoo hapa.

— Mama, hivi vilikuwa…

— Nimeona. Njoo usimame mbele yangu.

Justa akaja, analia nusu na amekasirika nusu. Ko, ko, ko. Akasimama. Evelina alikuwa bado amekaa kwenye ubao, na miguu ya mwanawe ilikuwa mbele ya macho yake.

— Vua malapa.

Akavua.

— Sasa shusha visigino.

— Nimeshusha.

— Justa. Shusha visigino chini.

— Mama, si nimesimama chini! Unataka nishuke wapi?

Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesimama chini. Nyuma ya vidole vyake visigino vilikaa hewani, na kati ya kisigino na ardhi mwanga wa jioni ulipita wazi. Kuku wa jirani alipita nyuma yake, na watu wote wa kijiweni wakaiona miguu ya kuku kupitia uwazi ule, ikatoka upande wa pili.

— Mungu wangu, alisema Sabina kwa sauti ndogo.

Evelina alishuka kwenye ubao akapiga magoti. Alipeleka mkono taratibu chini ya kisigino cha kulia, kiganja wima, apitishe tu, kama mtu anayepitisha mkono chini ya kabati kutafuta kijiko. Mkono haukupita. Ulikutana na kitu chembamba, laini, cha baridi kama jiwe lililotoka majini. Akauondoa, akatazama. Hapakuwa na kitu. Aliona vumbi, na nyuma ya vumbi tofali la ubao. Akaurudisha. Kilikuwepo. Alikizungushia vidole viwili, vikakutana.

Hakupiga kelele. Alikuwa na mambo mengi ya kufanya kabla ya giza, na kelele hazikuwa mojawapo.

— Fundi, alisema. Nipe tena huo msumeno.

Safari hii Daktari hakubisha. Breki alikuja akampa Justa bega la kushika, amefumba macho.

— Mama, aliuliza Sabina, hapo unakata nini?

Evelina akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Nahodha. Nahodha aliinamisha birika kwenye kikombe, likatoa tope kidogo na tone moja, halikutoa kingine.

Evelina alipima kwa vidole mpaka alipohisi mahali pa juu kabisa, karibu na nyama ya mwanawe, akaweka meno ya msumeno hapo, hewani, akavuta. Ulilia. Ulikuwa mlio mzito kuliko wa plastiki, kama wa mti uliokaa sana majini. Akavuta tena, akasukuma. Kitu chepesi kilimwangukia mkononi kwa kila mvuto, kinalowesha, na alipougeuza mkono haukuwa na kitu ila maji. Justa aliacha kulia. Alikuwa anasikiliza, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayeitwa kutoka mbali na hajui kama aitike. Evelina hakumpa nafasi ya kuitika.

— Shika bega la Chenge. Usitikisike.

Akakata. Mkono ulimuuma, akabadilisha mkono. Mara msumeno ukaruka mbele bila kizuizi, kitu kikadondoka kwenye vumbi kwa kishindo kidogo, na kisigino cha Justa kikashuka, polepole, kama mlango mzito unaojifunga wenyewe, mpaka kikagusa udongo.

Justa akavuta pumzi.

— Mama, alisema. Kumbe chini kuna joto.

Evelina alijipangusa uso kwa mkono wa blauzi yake, akausogeza msumeno.

— Lete mguu huo mwingine.